Kabla Hujauliza Uache Nini, Jua Unakula Nini

Swali linarudi kila wiki, na maneno yake hayabadiliki sana: "Nile nini, niache nini?" Anauliza mama mwenye shinikizo la damu, lile watu wa hapa wanaloita tension. Anauliza baba aliyeambiwa sukari imepanda. Anauliza kijana ambaye suruali za mwaka jana hazifungi tena. Wote wanataka orodha. Na orodha zipo: nimeziona zimebandikwa ukutani mtaani Naviundu, zinamwambia mtu ale samaki na matunda ambayo hapa Lubumbashi yanauzwa katika maduka makubwa ya mjini tu. Orodha inabaki ukutani, na jioni sufuria ya bukari, yaani ugali, inapanda motoni vilevile kama jana.

Jibu langu ni daftari. Kabla ya kuacha chochote, tumia wiki moja kuona unakula nini hasa, kiasi gani, saa ngapi na kwa sababu gani. Baada ya hapo wengi hawahitaji tena kuniuliza waache nini.

Kwa nini daftari, wakati najua ninachokula?

Kwa sababu mtu akiulizwa anakula nini, hutaja chakula cha mezani: bukari, samaki, sombe. Chai yenye vijiko vinne vya sukari haitaji. Karanga alizotafuna akingoja basi hazitaji. Sucré, yaani soda, aliyonunuliwa na rafiki haitaji, wala ukoko aliokwangua sufuriani akiosha vyombo. Hadanganyi. Hivyo vitu vimepita mkononi bila kupita akilini.

Mwaka 2004 kilitoka kitabu kizima juu ya chakula cha mji wetu, kinaitwa Byakula, kilichohaririwa na Pierre Petit kutokana na kazi ya Observatoire du Changement Urbain ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kama wasomi wameona chakula cha Lubumbashi kinastahili kitabu, cha nyumba yako kinastahili kurasa saba.

Wiki ya kuandika

1. Chagua wiki ya kawaida, yenye siku za kazi na Jumapili ndani yake. Usichague wiki ya harusi. Lakini kama kila wiki una harusi au matanga, basi hiyo ndiyo kawaida yako, iandike.
2. Kama nyumba inaishi kwa mshahara, andika siku tatu baada ya pesa kuingia na siku nne kabla ya nyingine kuingia. Utaona nyumba mbili tofauti.
3. Andika palepale ulipokula. Ukingoja usiku, nusu imesahaulika. Simu inatosha kama daftari linakuonea haya.
4. Kila mara andika mambo manne: wakati, kitu, kiasi, sababu. Sababu ni neno moja: njaa, uchovu, kiu, heshima, hasira, "kilikuwepo".
5. Pima kwa vipimo ulivyo navyo: tonge, kijiko, kikombe, chupa, kipande. Kama mnakula sahani moja watu wanne, hesabu matonge yako. Ukubwa wa tonge haubadiliki sana, mkono wako umeshauzoea.
6. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Hapa wengi wanaharibu: wakishika kalamu wanaanza kula kwa adabu, na daftari linaandika mtu asiyekuwepo.

Ukurasa wa siku moja unaweza kuwa hivi:

- Asubuhi mapema: chai, sukari vijiko 4, vitumbua vya ngano 3. (njaa)
- Kabla ya adhuhuri: sucré chupa 1. (kiu)
- Mchana: hakuna.
- Jioni, njiani: karanga, kifuko 1. (njaa, uchovu)
- Usiku: bukari matonge 16, samaki wa thomson kipande 1, chou de Chine kidogo, mchuzi wenye cube. (njaa kali)
- Kabla ya kulala: chai, sukari vijiko 4. (kilikuwepo)

Soma ukurasa huo pole pole. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Vijiko vinane vya chai ni gramu 32. Chupa ya sucré ya sentilita 33 inabeba karibu gramu 35. Jumla inapita gramu 65. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25. Mtu huyu angekuapia kwamba hapendi vitu vitamu.

Angalia pia kilichokosekana. Tunda halipo. Mboga ni "kidogo", wakati shirika hilohilo linataka gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Na karibu chakula chote cha siku kimeshuka tumboni usiku, mwili ukiwa unajiandaa kulala. Matonge 16 hayakutokana na ulafi. Yalitengenezwa na mchana usio na chakula.

Sufuria ni ya wote, kwa hiyo pima nyumba

Chumvi na mafuta huwezi kuvihesabu kwa tonge, vimeshayeyuka. Hivyo vipime kwa nyumba nzima, na hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Chumvi: nunua pakiti mpya ya gramu 500 na uandike tarehe juu yake. Kiasi kinachoshauriwa hakizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na watoto chini ya hapo. Nyumba ya watu saba ikila gramu 5 kila mmoja, inatumia 35 kwa siku. Pakiti inapaswa kudumu wiki mbili. Ikiisha kwa wiki moja, kila mmoja anakula gramu 10. Na hapo hujagusa cube, ambayo karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Hujagusa makayabu (samaki wa chumvi), wala samaki wadogo waliokaushwa kwa chumvi.

Mafuta: weka alama ya kalamu kwenye chupa ya lita moja, na tarehe. Lita moja ina vijiko vikubwa 66 hivi. Kijiko kimoja kina kalori 120, nguvu ya zaidi ya gramu 30 za unga wa mahindi. Watu saba wakimaliza lita kwa siku tatu, kila mmoja amekula vijiko vitatu kwa siku, na hakuna aliyeviona.

Jambo moja la mawese ambalo linanisikitisha kila nikipita jikoni kwa watu: mafuta mazuri, mekundu, yanachomwa mpaka yageuke meupe na moshi ujae nyumba. Wekundu ule ndio chanzo cha vitamini A. Ukiuchoma umelipa pesa ya mawese na kula mafuta matupu. Yapashe tu, weka kitunguu, endelea.

"Lakini..."

"Pesa inatosha kula mara moja tu. Nipunguze nini tena?" Usipunguze. Kama unakula mara moja kwa sababu hakuna, kazi yako ni kupanga upya. Angalia daftari: pesa ya sucré tano za wiki na ya bia ya Jumamosi ingenunua maharage, karanga au dagaa kiasi gani? Chupa kubwa ya Simba ina kalori 300 hivi, na ndani yake hakuna protini ya maana. Vinkubala (viwavi wa kula) vikavu, kwa uzito, zaidi ya nusu ni protini. Msimu wake ukifika, usiviache vipite eti ni chakula cha kijijini. Na sehemu ya chakula cha usiku, hata viazi vitamu viwili vya kuchemsha, ihamishie mchana. Gharama ni ileile, ila usiku hutashambulia sufuria.

"Bila bukari sijala." Kula bukari. Swali ni kiasi chake na kinachoisindikiza. Babu zetu waliopewa posho na kampuni ya madini ya Union Minière, na baba zetu waliopokea magunia ya unga ya Gécamines, walikuwa wanainua, wanachimba, wanasukuma mchana kutwa. Sahani ile ilikuwa ya kazi ile. Leo anayekaa kwenye kibanda cha kuuza vocha au nyuma ya usukani anaila vilevile, kilima kilekile. Anza hivi: ongeza mboga na maharage kwanza, bukari ipungue yenyewe. Ukianza kwa kuikata bukari, saa nne za usiku utakuwa unaitafuta jikoni.

Tena bukari peke yake ina hatari nyingine. Mahindi yasiyosindikizwa na maharage, karanga, samaki au nyama humwacha mtu na upungufu wa vitamini B3, na ukizidi unaleta pellagra: ngozi kukauka na kupasuka pale jua linapopiga, kuhara, akili kuvurugika. Ukiweza, nunua mahindi kwa kipimo cha meka, yasafishe, yasagwe bila kukobolewa. Unga ule si mweupe kama wa mifuko inayopita mpaka wa Kasumbalesa, ila unashibisha zaidi na umebaki na kiini chake. Mwaka 2023, unga ulipoadimika Lubumbashi na bei ya mfuko wa kilo 25 ikapaa, tuliona wote jinsi nyumba inayosimama juu ya chakula kimoja inavyoyumba. Viazi vitamu na mihogo iliyolowekwa vizuri viwe na siku zao mezani hata unga ukiwepo.

"Baba, mimi sipiki, mke wangu ndiye anayepika." Basi daftari ni la wawili. Mwonyeshe ulichoandika, usimwonyeshe kosa lake. Ukirudi kutoka kituo cha afya na kutangaza kwamba chakula chake kinakuua, umeshindwa kabla hujaanza. Mwambie, "Mama watoto, nimeambiwa tension imepanda, nisaidie." Na siku moja ingia jikoni mwenyewe ushike kijiko cha chumvi.

"Nikikaribishwa, siwezi kukataa." Usikatae. Kula matonge matatu, sifu mchuzi, kunywa maji. Mwenyeji anaumia ukikataa kukaa; ukikaa na kula kidogo haumii. Ziara ya mara moja haikunenepeshi. Kinachokunenepesha kiko kwenye kurasa zinazofanana.

"Mimi mwembamba, hayo hayanihusu." Yanakuhusu. Shinikizo la damu halichagui wanene, na chumvi haionekani kwenye kiuno.

Mboga yako imetoka wapi?

Huu ni ukurasa wa daftari ambao mtu wa mji mwingine asingeuhitaji. Mboga nyingi tunazokula, lengalenga, chou de Chine, matembele, zinalimwa kando ya mito, na Naviundu ni mmojawapo. Mji huu umeyeyusha shaba tangu miaka ya mwanzo baada ya kuanzishwa 1910. Vumbi na maji ya viwanda vimeacha shaba, kobalti, risasi na kadimiamu katika udongo na matope ya mito. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno. Uchunguzi uliofuata juu ya chakula ulionyesha kwamba mboga za majani ni njia moja inayopitisha kobalti hiyo.

Sisemi uache mboga. Anayeacha mboga kwa kuogopa madini anajiongezea ugonjwa mwingine. Fanya haya:

- Muulize mama anayeuza imelimwa wapi. Muulize kwa heshima, naye anataka wateja warudi. Andika jibu kwenye daftari.
- Usile mboga ya shamba moja wiki nzima. Changanya: siku hii lengalenga, kesho maharage, keshokutwa sombe iliyotoka mbali na mto.
- Osha majani mara tatu katika maji safi yanayobadilishwa, jani kwa jani, na hasa pale jani linapokutana na shina, vumbi linapojificha. Angalia rangi ya maji ya kwanza na ya tatu. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki, ndiyo maana kuchanganya mashamba ni muhimu.
- Kuwa mwangalifu zaidi wakati wa kiangazi. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mvua ya kuosha majani, vumbi linaruka, na bustani zinamwagiliwa maji ya mto.
- Mihogo na mahindi yasianikwe kando ya barabara inayopitisha malori ya madini. Tafuta turubai na sehemu ya ndani ya uwanja.
- Mtoto anawe mikono kabla ya kula. Vumbi la uwanjani linaingia mdomoni kwa vidole pia.
- Mama mwenye mimba anayetafuna udongo mweupe wa sokoni amwambie mkunga. Udongo unazuia damu kupata madini ya chuma, na unaweza kubeba risasi. Hamu hiyo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu, na upungufu wa damu una dawa.

Badilisha kimoja

Wiki ya daftari imekwisha. Sasa utataka kubadilisha vyote Jumatatu. Usifanye hivyo. Tafuta kitu kimoja kinachorudi kila siku, si kile kibaya kuliko vyote. Nyama ya michopo ya mara moja kwa mwezi iache ilivyo. Chai ya vijiko vinne, mara mbili kwa siku, ndiyo ya kushika. Shuka mpaka vitatu kwa wiki mbili, kisha viwili. Ulimi unazoea, ila unahitaji muda.

Ukimaliza hicho, ndipo chukua cha pili:

- Chumvi: iwekwe mara moja tu, mwishoni, kwa kijiko, na mtu mmoja. Ikiingia cube, chumvi isiingie. Kibakuli cha chumvi kiondoke mezani. Ladha iletwe na nyanya, kitunguu, pilipili, limau, karanga iliyotwangwa.
- Makayabu: yaloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, na uonje kabla ya kutia chumvi yoyote.
- Sombe: itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kifuniko, ili sumu ya majani ya muhogo itoke. Wanaotia bikaboneti ilainike upesi wanaongeza sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi na kuua vitamini.
- Kiu: maji kwanza, yaliyochemshwa kama ni ya kisima. Munkoyo wa nyumbani ni mzuri mpaka mtu aujaze sukari.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuruka chai ya asubuhi ili upungue, halafu kula mara mbili usiku. Kuhesabu chakula na kusahau vinywaji. Kujipima uzito kila asubuhi na kukata tamaa. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, mzani uleule, au tumia kamba kiunoni na ufunge fundo. Kununua chai za kupunguza tumbo zinazouzwa bila jina la mtengenezaji: nyingi zinaharisha tu, na unachopoteza ni maji. Kulazimisha nyumba nzima ifuate mlo wa mgonjwa. Mtoto anayekua anahitaji mafuta na bukari yake. Na hili ndilo linaloniogopesha zaidi: kuacha dawa za tension au za sukari kwa sababu "sasa nakula vizuri". Dawa inapunguzwa na daktari baada ya vipimo, hata kama daftari lako ni zuri namna gani.

Nani asianze peke yake

Mwenye mimba, anayenyonyesha, anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya ukimwi, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye sukari anayechoma insulini: andikeni daftari, lakini msipunguze chakula kabla ya kuonana na muuguzi au daktari. Kwa anayechoma insulini, kuruka mlo kunaweza kumwangusha siku hiyohiyo.

Wengine wote nendeni kituo cha afya bila kungoja wiki iishe mkiona kiu isiyokatika na kukojoa sana usiku, kukonda bila kutaka, miguu kuvimba, kidonda cha mguu kisichopona, kichwa kuuma na macho kuona ukungu. Ukifika, omba upimwe shinikizo la damu, na sukari kabla hujala. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au zaidi, urudi kupimwa siku nyingine. Sukari ya kabla ya kula ikifika miligramu 126 kwa desilita, nayo irudiwe. Andika namba zote mbili na tarehe katika daftari lilelile, na ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Sendwe, lichukue pamoja na karatasi zako. Daktari atakuuliza unakula nini, na safari hii utamfungulia ukurasa.